Mwani si dawa ya kila tezi

Mhariri,

Anayeuziwa unga wa mwani kama tiba ya "tezi" kwanza ajue anaumwa nini. Kwa mgonjwa wa Hashimoto, ambaye kinga ya mwili inashambulia tezi ya thairoidi iliyo mbele ya shingo, madini joto (ayodini) yaliyomo kwenye mwani yakizidi yanaweza kuidhoofisha zaidi. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu kwa siku, na chumvi ya dukani yenye madini joto huchangia sehemu kubwa. Kiwango kwenye mwani hutofautiana mno, hivyo kupima kwa kijiko ni kubahatisha.

Linalotusikitisha zaidi ni chai ya asubuhi. Levothairoksini, dawa ya homoni kwa mgonjwa ambaye thairoidi yake imedhoofika, humezwa kwa maji, tumbo tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Ikimezwa na chai ya maziwa au kahawa haifyonzwi vizuri. TSH, kipimo cha damu kinachopanda homoni ya thairoidi isipotosha, inapanda, dozi inaongezwa bure. Vidonge vya kalsiamu na vya kuongeza damu vipishane nayo saa 4, wajawazito wazingatie sana hili. Dozi ikibadilishwa, TSH ipimwe tena baada ya wiki 6 hadi 8.

Kisamvu na kabichi, ambavyo wagonjwa wa thairoidi huambiwa waviepuke, vilivyoiva vizuri, kwa kiasi cha kawaida, havina shida. Kuleni.

Wafamasia,
Dar es Salaam