Shukrani kwa mzee wa kituo cha basi, Kisumu

Mzee wangu wa kofia ya kahawia, uliyeketi nami tukingoja basi la Mombasa, jina sikukuuliza lakini asante sana. Ulinishauri nisikimbilie ufuo; nianze na Fort Jesus asubuhi kabla jua halijawa kali, kisha nizurure kwa miguu vichochoro vya Mji wa Kale. Ngome ile Wareno walianza kuijenga 1593, na kuta za matumbawe bado zimesimama! Na kumbe reli iliyofika kwetu Kisumu 1901 ilianzia huko, Mombasa ikiwa bado makao makuu ya serikali kabla ya Nairobi. Mahamri kwa mbaazi nilikula hadi nikaona haya. Ukipita Kibuye, karibu kibandani kwangu kwenye mitumba, chai ipo.