Kabla hujalipia jina lako kwenye orodha ya mtandaoni, muulize mteja kakupata wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, maana wiki mbili zilizopita kuna msomaji mwenzetu aliandika kwamba sisi wenye biashara ndogo tunakosa wateja kwa sababu tunaona uchungu kulipia majina yetu yawekwe kwenye zile orodha za biashara za mtandaoni, na akasema aliyelipia ndiye anayeonekana. Mimi nakataa. Nakataa kwa sababu sisi tumelipa, tena miaka mitatu mfululizo, na hesabu yake ninayo kwenye daftari.

Mzee wangu ni fundi friji na AC, karakana yetu iko Tabata, chumba kimoja na kibanda cha mbele cha kuwekea friji zinazosubiri vipuri. Kazi hii anaifanya tangu mimi sijazaliwa, mimi niko upande wa simu, risiti na kufuata vipuri Kariakoo. Mwaka 2021 alikuja kijana mmoja nadhifu ana tableti mkononi, akamwamkia mzee vizuri, akakaa kwenye stuli akamwonyesha ukurasa wenye majina ya mafundi wengine, halafu akamwambia, "Mzee, siku hizi watu hawaulizi njiani, wanatafuta mtandaoni, na wewe huko haupo." Neno hilo lilimuingia mzee. Haupo. Mtu ana zaidi ya miaka thelathini kwenye kazi, amesomesha watoto kwa kazi hiyo, halafu anaambiwa hayupo. Akalipa shilingi 360,000 za mwaka mzima palepale kwa simu bila kuniuliza, na hiyo hela kwetu ni friji tano au sita za kuchaji gesi, hapo hujatoa bei ya gesi yenyewe wala bodaboda wala posho ya kijana anayemsaidia.

Mwaka wa kwanza nikanyamaza, wa pili nikanyamaza. Wa tatu nikasema ngoja kwanza tuhesabu. Nikachukua kaunta buku nikapiga mistari, na kila mteja mpya akipiga simu au akija mlangoni, kabla hata hajamaliza kunieleza friji inasumbua nini, namuuliza, "samahani, umetupata wapi?" Wengine wanashangaa ila wanajibu. Miezi 11 nimeandika wateja wapya 214. Kati yao 121 waliambiwa na mtu, jirani, shemeji, mama mwenye nyumba, 58 wakasema wametuona Google au kwenye ramani ya simu, 23 wakatoka WhatsApp na Instagram, 11 waliona kibao wakiwa wanapita. Kwenye orodha tuliyoilipia alitoka mtu mmoja. Na huyo mmoja alikuwa anataka kununua friji mpya, sisi friji hatuuzi.

Ndio nikaenda kuusoma ule ukurasa wetu kwa makini, maana kumbe miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuusoma mpaka mwisho. Wametuweka kwenye kundi la wauzaji wa vifaa vya umeme. Namba ya kwanza ni ya laini ambayo mzee aliacha kuitumia siku nyingi. Maelezo yote yameandikwa kwa Kiingereza kizito cha kwenye vipeperushi. Sasa niambieni, mama wa Segerea friji yake imeacha kugandisha saa mbili usiku na ndani ana samaki wa biashara ya kesho, anaandika nini kwenye simu yake? Anaandika "fundi friji Tabata", basi. Au "fundi friji wa karibu". Nikaandika hivyo mimi mwenyewe kwenye simu ya dada wa duka la jirani (sio simu yangu, kwa sababu simu yangu imeshazoea kufungua ukurasa wetu), nikashusha majibu mpaka kidole kikachoka, ile orodha tuliyolipia haimo. Yaani orodha yenyewe haionekani, mimi niliyeko ndani yake ntaonekana saa ngapi?

Tena hao 58 wa Google hatukulipia hata senti. Mdogo wangu ndiye alifungua ule wasifu wa biashara wa Google, ni bure, unaweka jina, kazi, saa za kufungua, picha. Zamani walikuwa wanatuma kadi ya posta yenye namba ya kuthibitisha, na sisi wa sanduku la posta hiyo ilikuwa mtihani, siku hizi wengi wanaambiwa warekodi video. Basi mdogo wangu akaanzia barabarani, akaonyesha mtaa, akaonyesha kile kibao cha namba ya nyumba tulichobandikiwa kwenye zoezi la anwani za makazi mwaka 2022, kikaja kibao cha karakana, halafu mzee mwenyewe akatoa funguo akafungua kufuli na kuingia ndani, mitungi ya gesi na manifoldi (zile geji za kupimia gesi) inaonekana. Baada ya siku chache tukakubaliwa. Shida iliyotusumbua ni ile alama ya ramani, ilikaa ng'ambo ya barabara, mteja anapiga "mbona nimefika naona duka la rangi?", tukaenda kuisogeza kwenye simu kwa kidole mpaka ikakaa juu ya paa letu, simu za kupotea zikaisha.

Kijana wa orodha alipokuja kudai mwaka wa nne nikamweleza yote haya. Akasema dada hujaelewa, ukiwa kwenye orodha yetu Google inakupandisha juu kwa sababu tunakuwekea linki, yaani kiungo cha kubonyeza kinachomleta mtu kwako. Hapa ndipo wengi wanapotegwa kwa hiyo naomba niliseme polepole. Ni kweli Google tangu ilipoanza mwaka 1998 inahesabu linki, ikiona saiti (tovuti) nyingi zinaielekezea saiti fulani inaichukulia kama ushahidi kwamba kuna kitu cha maana pale. Lakini watu wakaanza kuuziana linki, na Google wakaweka masharti, linki iliyolipiwa inatakiwa iwekewe alama ili isihesabiwe, alama hiyo ipo tangu 2005, na mwaka 2012 wakafanya mabadiliko yaliyowashusha sana waliojaza linki za kununua. Na kwa biashara za kwenye ramani wamesema wenyewe waziwazi wanaangalia mambo matatu, unachofanya kinaendana vipi na alichoandika mtu, uko umbali gani naye, na unajulikana kiasi gani, na kwamba hakuna namna ya kulipia ili upande kwenye yale majibu. Matangazo ya kulipia yapo ila yanakaa na alama yake kwamba hili ni tangazo. Kwa hiyo anayekuuzia orodha kwa ahadi kwamba Google itakupandisha, anakuuzia kitu ambacho hana.

Nikamuomba kitu kimoja tu, anionyeshe mwezi uliopita ukurasa wetu ulifunguliwa na watu wangapi. Akasema atanitumia kwa WhatsApp. Mpaka leo.

Sisemi orodha ni kitu cha kijinga tangu mwanzo. Intaneti ilipokuwa changa orodha ndizo zilikuwa zinaongoza watu. Yahoo yenyewe ilianza mwaka 1994 kama orodha, wanafunzi wawili wa Stanford, Jerry Yang na David Filo, walikuwa wanapanga saiti kwa makundi, na ilikuwa na maana kwa sababu saiti zilikuwa chache na kuna binadamu anayezisoma. Ikafika wakati mwenye biashara analipa dola 299 kwa mwaka, na ile ya mwanzo ni ya kukaguliwa tu, wakikukataa hairudi. Watu walilipa kwa sababu wateja walikuwa wanapita pale kweli. Walipoacha kupita, Yahoo wakaifunga mwishoni mwa 2014, na DMOZ, ile ya bure iliyokuwa inapangwa na watu wa kujitolea, ikafungwa Machi 2017. Sasa kama wakubwa hao wamefunga milango, mtu anakujaje Tabata mwaka huu kumuuzia fundi kitu kilekile kana kwamba ni cha leo?

Na zipo orodha ambazo ukilipa hulalamiki. Mkandarasi analipa ada Bodi ya Usajili wa Makandarasi kila mwaka, na wakandarasi wa AC za majengo makubwa wamo humo, kwa sababu mwenye mradi anaangalia pale kabla hajakupa kazi. Tenda za serikali ndio kabisa, mfumo ni NeST, ule wa manunuzi ya serikali mtandaoni, usipokuwemo humo hupewi. Binamu yangu yuko Moshi kwenye kazi za kupandisha wageni Kilimanjaro, ananiambia kuna wageni wanaangalia kwanza kama kampuni imo kwenye washirika wa KPAP, wale wanaofuatilia maslahi ya wapagazi, na pale huingii kwa kununua tangazo, wanaangalia unavyowalipa na kuwalisha wapagazi wako. Hizo zote mteja anazifungua mwenyewe kwa sababu kuna mtu amekagua. Ile ya kwetu yeyote mwenye 360,000 anaingia, hata kama hajawahi kushika kompresa.

Google nao wana mambo yao, msinielewe vibaya. Kuna mafundi wanaandikiwa maoni mabaya na washindani, kuna wasifu unafungiwa ghafla na kumpata mtu wa kuongea naye ni kazi, na kuna matapeli wanapiga simu wakijifanya ni Google wanataka ulipie wasifu la sivyo utafutwa. Ule wasifu ni bure, ukiombwa hela kata simu. Ila hata na shida hizo, maoni ya wateja yanasaidia kuliko brosha yoyote. Mteja mmoja aliandika "friji yangu ilikuwa haigandishi wiki nzima, mzee kaja kabadilisha thamostati hakunidai gesi nisiyohitaji", na tangu siku hiyo nina watu wanaonipigia wananitajia maneno hayohayo.

Kinachoniuma sio hela tu. Hawa vijana wanakwenda kwa mafundi wazee, washona viti, wachomeleaji, watu ambao mikono yao inajulikana mtaa mzima, wanawatisha kwa neno hilohilo, haupo. Mtaani kwetu peke yake nawajua watatu waliolipa, mmoja alikopa kwenye kikundi. Mwenye mzee wake au mjomba wake mwenye karakana, akae naye nusu saa amfungulie wasifu wa bure, aweke namba inayopatikana, aandike kwa Kiswahili kazi anazofanya, aisogeze ile alama ya ramani juu ya paa. Na daftari liwe karibu na simu.

Yule msomaji aliyeandika wiki mbili zilizopita, namuomba na yeye aandike tena atueleze kwa namba, amelipa kiasi gani na wamekuja wateja wangapi. Kama ni wengi nitasoma kwa makini na mzee nitamsomea. Sisi yetu inaisha mwezi ujao, na safari hii mzee mwenyewe kasema hiyo hela inunue mtungi wa gesi.

Binti wa fundi,
Tabata, Dar es Salaam