Waendao Ujerumani: anwani kwanza

Ndugu Mhariri,

Vijana wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaojiandaa kwenda kusoma Ujerumani huelekezwa sana habari za viza. Wiki za mwanzo baada ya kutua hazizungumzwi, na hapo ndipo wengi hukwama.

Mzazi akishauza parachichi na kuweka zile euro 11,904 zinazodaiwa kwa viza katika akaunti maalumu ya mwanafunzi, huona amemaliza. Bado. Akaunti ile imefungwa: hutoa euro 992 tu kwa mwezi, tena kupitia akaunti ya kawaida ambayo mwanafunzi lazima aifungue. Benki nyingi humtaka aonyeshe cheti cha kuandikishwa makazi. Ofisi ya mji nayo haimwandikishi bila Wohnungsgeberbestätigung, karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba amehamia pale. Mkataba wa pango hautoshi. Sheria inampa wiki mbili tangu ahamie, na katika miji mikubwa miadi hugombaniwa, kwa hiyo aitafute mtandaoni kabla hajapanda ndege.

Basi abebe fedha ya pembeni ya kodi ya mwezi wa kwanza na dhamana ya chumba. Kisheria dhamana haizidi kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu gharama za joto na maji, na mpangaji anaruhusiwa kuilipa kwa awamu tatu. Anayeitaka yote kabla ya kuonyesha chumba, mkimbie. Matapeli wa vyumba huwa na picha nzuri kweli.

Kingine ni jina kwenye sanduku la barua. Kadi ya benki, namba yake ya siri (huja katika bahasha tofauti) na namba ya mlipakodi huletwa na posta. Jina lisipoonekana, barua hurudi ilikotoka. Aliyepanga ndani ya nyumba ya mtu abandike jina lake siku hiyohiyo.

Itakuja pia barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata asiye na redio. Wanaoishi pamoja hulipa moja. Huo si utapeli. Akiitupa, deni linakua.

Aliyekulia Makete baridi haimtishi, ila vyumba vya kule vimezibwa barabara. Akianika nguo ndani bila kufungua madirisha wazi dakika tano hadi kumi, mara mbili tatu kwa siku, kuta huota ukungu, na mwenye nyumba hukata gharama kwenye dhamana.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya