Acheni kuvalisha Nissan Leaf rimu za urembo

Mhariri,

Naomba nafasi niongee kuhusu hizi Nissan Leaf, gari za umeme, za kutoka Japani ambazo siku hizi zinazidi kuonekana hapa Nairobi. Kinachoniudhi ni yadi zingine za magari, gari inafika na tairi zake 205/55R16 (upana milimita 205, ukuta asilimia 55 ya upana, rimu inchi 16) zikiwa sawa kabisa, wanazitoa wanavalisha 225/40 za rimu 18 ndio ipendeze macho, halafu mteja akilalamika chaji inaisha haraka anaambiwa betri imezeeka. Eti betri! Betri ya kWh 24 ambayo tayari imepoteza bar mbili tatu kati ya zile 12 za kuonyesha afya ya betri kwa dashibodi haina stima ya kuchezea, na tairi pana juu ya rimu nzito inakula hiyo hiyo kidogo. Isitoshe ukuta wa tairi unabaki sentimita 9 wakati ile ya kiwanda ni 11 na kitu, na mashimo yetu mnayajua. Na Leaf kawaida haiji na spea, unapewa kipampu na dawa ya pancha ambayo haisaidii chochote tairi ikipasuka ubavuni.

Kama shida ni matuta, na hapo naelewa maana betri imelala chini ya sakafu na hakuna anayetaka kuikwaruza, weka 205/60R16. Inakaa kwa rimu ile ile, gari inapanda kama sentimita moja, na ndio saizi ya Nissan Juke kwa hivyo kuipata si kazi. Spidi mita itadanganya kidogo, ikisoma 100 uko kama 103, si mbaya. Angalia tu namba ya mzigo iliyoandikwa kwa tairi isishuke chini ya 91, yaani kilo 615 kila tairi, hii gari ni karibu tani moja na nusu hata kabla hamjapanda.

Kwa rimu za mtumba pale Grogan, soko la spea Nairobi, usikubali kuambiwa bolti tano ni bolti tano. Toyota nyingi zina 5x114.3 kama Leaf, yaani bolti tano kwa duara la milimita 114.3, lakini tundu la katikati ya rimu ni milimita 60.1 na habu ya Nissan, ile sehemu ya gari inayoingia hapo, ni 66.1, haiingii, na akikwambia ataipanua kwa mashine mimi ningeondoka. Nati pia, za Toyota nyuzi zake zimeachana milimita 1.5, za Nissan 1.25, ukilazimisha unaharibu stadi, zile bolti za habu. Chukua ya Juke ama X-Trail T31 inch 16, haina maneno.

Na presha jamani, presha ya kibandiko cha mlangoni ni sawa na psi 36, vijana wa petroli wanajaza 30 kwa mazoea.

Ombi langu, mhariri, ile kona yenu ya magari kila wiki ni Subaru na Prado, hebu waulizeni hawa wa yadi hizo tairi za kiwanda wakizitoa huwa zinaenda wapi, mbona mteja hawekewi hata kwa buti?

Msomaji wenu,
Kasarani, Nairobi