Anza na chungu: barua kuhusu hesabu ya watu wa Kilifi

Malindi, Jumapili jioni

Swahibu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na wote hapo nyumbani. Rasimu yako ya wasifu wa kaunti ya Kilifi, ile ya kuombea mradi wako wa maji, nimeisoma yote, hata zile kurasa za majedwali ulizoniambia niziruke. Hizo ndizo zenye kazi. Tarakimu zako nyingi ni za kweli, ila umezilinganisha zisizolinganika.

Tuanze na Malindi, maana mfadhili akilisoma hilo atakurudishia karatasi zako siku hiyo hiyo. Umeandika kwamba watu walipungua kutoka 400,514 mwaka 2009 hadi 333,226 mwaka 2019, kisha ukatafuta na sababu: utalii umedorora, vijana wamehama. Hawakupungua hata kidogo. Mwaka 2009 kaunti hazikuwapo bado. Sensa ilihesabu kwa wilaya, na Kilifi ya leo ilikuwa wilaya tatu: Kilifi yenye watu 456,297, Kaloleni 252,924 na Malindi 400,514. Zijumlishe upate 1,109,735. Sasa, wilaya ile ya Malindi ilikuwa na Magarini ndani yake. Sensa ya 2019 ikaigawa kaunti katika kaunti ndogo tisa, Magarini ikasimama peke yake na watu wake 191,610. Kabla ya kulinganisha, irudishe ilikotoka: 333,226 na 191,610 ni 524,836. Malindi ya zamani imeongezeka kwa asilimia 31.

Fanya vivyo hivyo kwa zilizobaki. Kaloleni 193,682 na Rabai 120,813 zinakupa 314,495, ongezeko la asilimia 24. Wilaya ya Kilifi ya zamani ndiyo iliyokatwa vipande vingi: Kilifi Kusini 206,753, Kilifi Kaskazini 178,824, Ganze 143,906, Chonyi 62,335 na Kauma 22,638. Jumla 614,456, ongezeko la karibu asilimia 35. Ukimaliza, makundi yote matatu yakupe 1,453,787. Akizidi hata mtu mmoja, kuna mstari umeuandika mara mbili.

Na usichukue jedwali la maeneo bunge ukalipachika hapo. Maeneo bunge ni saba, kaunti ndogo za sensa ni tisa. Chonyi na Kauma hazina mbunge wao wenyewe, kwa hiyo Kilifi Kusini ya wapigakura na Kilifi Kusini ya sensa ni jina moja, ardhi mbili.

Kasi ya ukuaji uliyoandika, asilimia 3.1 kwa mwaka, umeipata kwa kuchukua ongezeko la kaunti nzima la miaka kumi, asilimia 31, ukaligawanya kwa 10. Ongezeko la watu ni kama mkopo wa riba: waliozaliwa mwaka wa kwanza nao wanahesabiwa katika msingi wa mwaka wa pili. Gawanya 1,453,787 kwa 1,109,735 upate 1.31, kisha tafuta mzizi wake wa kumi kwenye kikokotoo. Utapata 1.0274, yaani asilimia 2.7. Utaona tofauti ni ndogo, lakini ukiisukuma miaka sita mbele ya sensa, asilimia 3.1 inakuongezea watu zaidi ya 36,000 wasiokuwapo. Hao ni wengi kuliko Kauma nzima. Hata hiyo 2.7 usiitegemee mbele sana, maana uzazi unashuka: mwanamke wa Kenya kwa wastani alikuwa wa watoto 3.9 katika utafiti wa 2014, na 3.4 katika ule wa 2022. KNBS, ofisi ya taifa ya takwimu, wana makadirio yao ya kila kaunti. Tumia hayo, uandike wazi kwamba ni makadirio.

Sasa tuje kwenye kaya, ambako ndiko mradi wako wa maji utasimama au kuanguka.

Kwanza neno lenyewe. Wewe na mimi tukisema kaya tunamaanisha watu wa nyumba moja. Ukienda Kauma au Kaloleni ukamuuliza mzee wa Kimijikenda kaya yake ina watu wangapi, atakutazama mara mbili: kaya kwake ni ule msitu wa wazee, mahali pa matambiko. Vijana wako wa dodoso waulize kwa chungu: nani na nani wanakula chungu kimoja hapa, na wanamtambua nani kuwa mkubwa wao? Ndiyo maana ya kaya kwenye sensa. Si paa, si ua, wala si ukoo.

Chukua mudzi mmoja wa kawaida wa Kigiriama, yaani boma la familia, tuuhesabu pamoja. Mzee ana wake wawili, kila mmoja na nyumba yake na meko yake. Mke mkubwa anaishi na watoto wanne na nyanya anayekula kwake, na usiku wa sensa alilala hapo mgeni mmoja kutoka Voi. Binti yake wa tano anafanya kazi Mtwapa na alilala huko huko. Mke mdogo ana watoto watatu, na mzee usiku ule alilala kwake. Kando yao kuna mtoto wa kiume aliyeoa, ana mke na mtoto mchanga, wanapika kivyao. Yeye ni bawabu, usiku ule alikuwa zamu.

Kijana asiyefundishwa ataandika kaya moja. Jibu sahihi ni kaya tatu. Kwa mke mkubwa ni watu saba: yeye, watoto wanne, nyanya na mgeni. Binti wa Mtwapa hayumo, kwa sababu sensa humhesabu mtu pale alipolala. Kwa mke mdogo ni watano, mzee akiwemo. Kwa kijana aliyeoa ni watatu, naye bawabu anaandikwa kwake ingawa hakulala hapo, kwa kuwa aliyetoka kwa kazi ya usiku tu, awe mlinzi, muuguzi au mvuvi, huhesabiwa nyumbani kwake. Jumla watu 15, wastani watano. Na angalia jambo jingine: mzee ameandikwa kwa mke mdogo peke yake, kwa hiyo kwenye karatasi mke mkubwa ndiye mkuu wa kaya. Ukisoma kwamba kaya kadhaa zinaongozwa na wanawake, usiharakishe kuandika wajane na waliotelekezwa. Huenda mume yuko hatua thelathini, nyumba ya pili.

Upande wa pili uko Mtwapa. Nyumba moja ya Kiswahili, vyumba sita, kila mpangaji na jiko lake mlangoni: kaya sita chini ya paa moja. Rasimu yako inatumia idadi ya kaya kana kwamba ni idadi ya nyumba. Kwa maombi ya kuunganishiwa maji hilo ni kosa la gharama, kwa sababu mita hufungwa kwenye jengo na bili huletwa kwa mwenye nyumba.

Ukishaelewa chungu, tarakimu hii itakushtua. Mwaka 2009 Kilifi ilikuwa na kaya 199,764. Mwaka 2019 zilikuwa 298,472. Watu wameongezeka kwa asilimia 31, kaya kwa asilimia 49. Kwangu mimi hii ndiyo habari kubwa ya kaunti yetu, na rasimu yako haiitaji. Familia zinagawanyika vyungu haraka kuliko watoto wanavyozaliwa. Choo, jiko, mtungi, kiwanja, vyote hufuata kaya. Anayepanga kwa vichwa peke yake atachelewa.

Umeniuliza kwa nini ukigawanya watu kwa kaya unapata 4.9 huku kitabu cha sensa kikisema 4.8. Hukukosea kugawanya, umegawanya kisichotakiwa. Ile 1,453,787 ni kila mtu: mfungwa, mgonjwa aliyelazwa, mgeni wa hoteli, msafiri, aliyelala barazani. Hao hawana kaya usiku ule. Waliokuwa kwenye kaya za kawaida ni 1,440,958, na hao ndio wa kugawanya. Ila ukitaka kulinganisha na 2009, gawanya kwa njia moja pande zote mbili. Watu wote kwa kaya zote ni 5.6 mwaka 2009 na 4.9 mwaka 2019. Usichanganye 5.6 na 4.8.

Na wastani hauwekwi kwenye wastani. Umeandika kwamba Mombasa ni 3.1 na Kwale 5.0, kwa hiyo zote mbili ni kama 4. Mombasa ina kaya 378,422, Kwale 173,176. Jumlisha watu wa kaya, 1,190,987 na 858,748, ugawanye kwa jumla ya kaya. Utapata 3.7, kwa sababu Mombasa ina uzito mara mbili na zaidi.

Kwenye maji umetumia 3.9, wastani wa nchi nzima. Sijui ulikuwa na haraka gani. Tuseme eneo lako lina kaya 500, na kila mtu unampangia mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku. Kwa 3.9 unapata watu 1,950, lita 39,000. Kwa 4.8 ya Kilifi ni watu 2,400, lita 48,000. Umepungukiwa na mitungi 450 kila siku, na watakaorudi na mitungi mitupu ni wale waliofika kisimani mwisho. Hata 4.8 ni mchanganyiko wa vyumba vya kupanga vya Mtwapa na midzi ya Ganze, na mradi wako uko Ganze. Shuka hadi kwenye jedwali la kaunti ndogo, kisha la lokesheni kwenye juzuu ya pili ya ripoti. Juzuu ya kwanza itakuacha juu.

Kuhusu jinsia nina machache. Wanaume 704,089, wanawake 749,673, watu wa jinsia mbili 25. Ndiyo mara ya kwanza sensa ya Kenya kuwahesabu hao wa jinsia mbili. Ni wanaume 94 kwa kila wanawake 100. Ng'ambo ya Mtwapa, Mombasa ina wanaume 610,257 na wanawake 598,046. Ziweke tarakimu hizo mbili kando kwa kando, na kumbuka kwamba mtu huhesabiwa alipolala.

Andika pia tarehe ya sensa. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 ulikuwa wa likizo, watoto wa bweni walikuwa kwao. Ukilinganisha na orodha za shule za Oktoba, hazitakubaliana, na hakuna aliyekosea.

Rekebisha kwanza Malindi, kisha kaya, kisha maji, kwa mpangilio huo, maana la tatu linasimama juu ya la pili. Nitumie jedwali la Ganze kabla ya Ijumaa na orodha ya vijiji vilivyomo, kwa majina ya chifu, si ya ramani. Ukikwama kwenye mzizi wa kumi nipigie usiku, mchana huku mtandao hausikiki.

Msalimie nyanya.

Swahibu yako