Kabla hujajibu barua ya tuhuma

Mpendwa Rehema,

Pole sana. Najua barua ya tuhuma kutoka kwa mwajiri inavyokosesha mtu usingizi, lakini nakuomba usiijibu leo ukiwa na hasira. Kesho jibu tuhuma moja moja: ilikuwa lini, nani alikuwepo, hati gani inaonyesha. Wengi huandika kurasa za jinsi walivyoonewa, na tuhuma yenyewe inabaki haijaguswa. Peleka nakala mbili. Yako isainiwe na kuandikwa tarehe ya kupokelewa.

Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, kanuni za kazi za Tanzania za 2007 zinataka upewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48. Wakikupa wito saa tatu asubuhi kwa kikao cha saa nane mchana huohuo, omba kwa maandishi kiahirishwe. Una haki ya kwenda na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Kama mwenyekiti ndiye aliyekutuhumu, sema palepale, na uhakikishe imeingia kwenye muhtasari. Usiusaini kabla ya kuusoma. Palipokosewa, andika pembeni kwa mkono wako.

Tafadhali, usikubali kuandika barua ya kuacha kazi, hata wakikuambia ni kwa kulinda heshima yako. Wakikuachisha wao, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba sababu ni halali na utaratibu ulifuatwa. Ukijiuzulu, wewe ndiye utakayehangaika kuthibitisha kwamba ulilazimishwa.

Ikifikia kuachishwa, mashauri mengi yanafia kwenye kalenda. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA kwa kifupi cha Kiingereza), inayoshughulikia migogoro ya kazi, inataka shauri hilo lifike ndani ya siku 30 tangu uachishwe, au tangu mwajiri atoe uamuzi wake wa mwisho kama ulikata rufaa kwake. Madai mengine, kama mshahara uliozuiwa, ni siku 60. Ukichelewa, utaomba kuongezewa muda na kutoa sababu za msingi. Kwamba ulikuwa unasubiri bosi alegeze moyo haitakusaidia.

Fomu Namba 1, ya kufungulia shauri kwenye Tume, ijaze taratibu. Sehemu B ni ya walioachishwa kazi tu. Taja kila unachodai, iwe notisi, likizo au fidia, maana usichokiandika humo ni vigumu kukipata baadaye. Mpelekee mwajiri nakala kwanza, asaini, ndipo uiwasilishe Tume.

Nitumie picha ya barua hiyo leo, pamoja na mkataba wako, ili tuandae majibu pamoja.

Wako,
Neema