Kiongozi Akija Kanisani, Aketi Pamoja Nasi

Kwa Mhariri,

Nimekuwa nikifuatilia katika ukurasa huu wa barua mjadala kuhusu wanasiasa na makanisa, na iko hoja iliyorudiwa mara nyingi kiasi kwamba imeanza kuonekana kuwa ya kweli: kwamba Biblia inatuamuru kuwaheshimu wenye mamlaka, na kwa hiyo mchungaji anayemkatalia mheshimiwa kuzungumza mbele ya waumini anavunja agizo la Mungu. Mimi ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa ambaye nimeshika daftari la hazina kwa miaka kumi na mmoja, na naomba nafasi nieleze kwa nini hoja hiyo inachanganya mambo mawili yasiyofanana, yaani heshima na maikrofoni.

Heshima haina ubishi. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi waitii mamlaka iliyo kuu, na akamwagiza Timotheo kwamba dua, sala, maombezi na shukrani zifanyike kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka, "tuishi maisha ya utulivu na amani". Mtawala wa Roma Warumi walipoandikiwa waraka huo alikuwa Nero. Wakristo wale walitakiwa kumtii na kumwombea mtu ambaye hakuwahi kukanyaga nyumba walimokusanyikia, seuze kuwasalimu, na maombi yao yalimfikia Mungu bila mwombewa kuwapo. Sisi tumefika mahali ambapo hatuwezi kumwombea mbunge mpaka awe amekuja, ameketi mbele, amesimama "kusalimu kanisa", na salamu zenyewe zimechukua dakika arobaini.

Kuhusu hiyo nafasi ya mbele, Yakobo aliandika maneno ambayo sijayasikia yakihubiriwa katika Jumapili yoyote ya kampeni. Anawakemea waumini wanaomwona mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri, wakamwambia, "Keti wewe hapa mahali pazuri", na maskini wakamwambia asimame kule au aketi miguuni pao. Katika makanisa yetu mahali pazuri siku hizi ni viti vya sofa vinavyokodishwa Jumamosi jioni kutoka kwa wenye mahema ya harusi. Nimewahi kulipia viti hivyo kwa fedha za sadaka, na risiti ninayo.

Katika kampeni za mwaka 2022 tulipokea wageni wa aina hiyo Jumapili tatu mfululizo. Wa kwanza alituachia mabati mia moja ya kuezekea jiko la kanisa, na kila bati lilikuwa limeandikwa jina lake kwa rangi nyekundu upande wa ndani, ili akina mama wanaopika chai ya baada ya ibada walisome. Mpinzani wake alipopata habari alikwenda kanisa la jirani, hatua mia mbili kutoka kwetu, akaahidi vyombo vya muziki, kisha Jumapili iliyofuata akaja na kwetu pia. Wa tatu sikumbuki alitoa nini, ila nakumbuka kwamba alizungumza kuliko mhubiri. Tangu hapo kanisa letu likajulikana mtaani kuwa la mrengo fulani na lile la jirani kuwa la mrengo mwingine, ingawa jambo hilo halikuwahi kujadiliwa katika baraza letu la wazee. Tulikuwa na desturi ya kuandamana pamoja Ijumaa Kuu, madhehebu manne nyuma ya msalaba mmoja, kutoka sokoni hadi uwanja wa shule ya msingi. Pasaka ya mwaka 2023 kila kanisa lilishika njia yake. Hakuna aliyetangaza kwamba desturi ile imekufa. Ni vile tu hakuna aliyeitisha mkutano wa maandalizi. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyetia sahihi hati ya kupokea mabati yale, ninapolalamika simnyoshei mwingine kidole.

Wa rika langu watakumbuka kwamba haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1986, chama tawala cha KANU kilipoamua kwamba wagombea wateuliwe kwa wapiga kura kupanga mlolongo nyuma yao badala ya kura ya siri, Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, NCCK, lilipinga waziwazi, na maaskofu wa Kianglikana kama Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge walitamka mimbarini mambo ambayo wabunge wengi hawakuthubutu kuyatamka bungeni. Muge alifariki katika ajali ya barabarani tarehe 14 Agosti 1990 akitoka Busia, siku chache baada ya waziri mmoja kumwonya hadharani kwamba akikanyaga huko huenda asirudi akiwa hai. Hapa kwetu Nakuru, Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Kanisa Katoliki aliwatetea waliofukuzwa makwao katika mapigano ya kikabila ya mwanzoni mwa miaka ya tisini. Sisemi makanisa yote yalikuwa upande huo, kwani yako yaliyomsifu Rais Daniel arap Moi kila alipoingia, na ibada aliyohudhuria ndiyo ilikuwa habari ya kwanza Jumapili jioni. Lakini waliosema ukweli walisikilizwa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwakumbusha kwamba yeye ndiye aliyewaezekea jiko.

Umoja wa wakati ule ulifika kileleni, kwa maoni yangu, mwishoni mwa mwaka 1999, viongozi wa NCCK, wa Kanisa Katoliki, wa Baraza Kuu la Waislamu, SUPKEM, na wa jamii ya Wahindu walipokutana katika jumba la Ufungamano jijini Nairobi, wakaukataa mchakato wa katiba uliodhibitiwa na bunge na kuanzisha wa kwao. Mwaka 2001 michakato hiyo miwili iliunganishwa chini ya Profesa Yash Pal Ghai. Miaka michache tu baadaye, kuelekea uchaguzi wa mwaka 2007, makasisi wetu walikuwa wamegawanyika kwa kufuata makabila na vyama, kila mmoja akiwa na unabii wake kuhusu nani atashinda. Siku ya kwanza ya mwaka 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi huo, kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto pamoja na watu waliokuwa wamekimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto, na mwezi Februari viongozi wa NCCK wakakiri kwamba walikuwa wameegemea pande na wakaomba msamaha. Nilisikiliza taarifa ile nikiwa nimerudi kutoka uwanja wa maonyesho wa Nakuru, ambako tulikuwa tukipeleka unga na blanketi kwa wakimbizi wa ndani: Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste na majirani zetu wa msikitini katika pikapu moja. Yaliyowashinda maaskofu yalikuwa yakifanywa na dereva wa pikapu ile bila hotuba.

Sina budi kuongeza jambo lisilonipendeza mimi mwenyewe. Mwaka 2010 makanisa mengi yaliungana tena, safari hii kuipinga rasimu ya katiba kwa sababu ya kifungu kinachohusu uavyaji mimba na kwa sababu mahakama za Kadhi zilitajwa humo. Mahakama hizo zilikuwa ndani ya katiba tangu uhuru, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumjua Mkristo aliyedhulumiwa nazo. Hata hivyo nilihubiriwa, nami nikawahubiria wengine, na nikapiga kura ya "la". Rasimu ilipita kwa takriban asilimia 67. Mmoja wa wale majirani wa pikapu hakunisema kwa neno lolote, ila kwa muda mrefu salamu zetu zilikuwa fupi. Umoja wa Wakristo unaojengwa juu ya kumwogopa jirani sidhani ndio ule ambao Bwana aliuombea usiku wa kukamatwa kwake, na wanasiasa wanaujua udhaifu wetu huo kuliko tunavyodhani.

Ndiyo maana nilitiwa moyo mwezi Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipowanyima wanasiasa nafasi ya kuzungumza kule Butere, katika ibada ya kumweka wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuwa askofu wa kuongoza dayosisi katika Kanisa Anglikana la Kenya, akieleza kwamba wanakaribishwa kuabudu kama wengine lakini mimbari si yao. Tarehe 18 Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Kanisa Katoliki, Nairobi, aliagiza zirudishwe fedha ambazo Rais William Ruto alikuwa amezitoa siku moja kabla katika kanisa la mtaa wa Soweto jijini humo, zikiwemo shilingi milioni 2 za nyumba ya mapadre. Ikumbukwe kwamba rais mwenyewe alikuwa ametangaza tarehe 5 Julai mwaka huo, maandamano ya vijana yakiwa bado moto, kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena katika harambee, yaani michango ya hadhara. Na mwezi Machi 2025, kanisa moja la Roysambu, Nairobi, lilipopewa na rais shilingi milioni 20, vijana walielekea huko kuandamana Jumapili iliyofuata na polisi wakawatupia vitoa machozi. Yako mahubiri mengi yaliyowaita vijana wale waasi. Nilivyowasikia mimi, walikuwa wakiuliza fedha zile zimetoka mfuko gani, na hilo ni swali ambalo mwekahazina yeyote wa kanisa alipaswa kuliuliza kabla yao.

Najua nitakachoulizwa: na jiko je? Kanisa la mashambani lenye familia sitini litajengwa na nani? Jibu langu ni kwamba sijasema mbunge asitoe sadaka. Aitoe kikapuni, pamoja na ya mama anayeuza viazi kando ya barabara, nami niihesabu alasiri bila kujua noti ipi ni ya nani. Akiona kwamba haifai kutolewa pasipo kutangazwa, basi haikuwa sadaka, na anaweza kuipeleka kwenye mkutano wa hadhara Jumamosi. Wala simaanishi kanisa linyamaze. Nathani alimwendea Daudi na kumwambia ana kwa ana, "Wewe ndiwe mtu huyo". Hakumwalika aje kuhutubia. Makasisi wa mji mmoja, pamoja na imamu, wakiwa na jambo kuhusu bei ya mbolea au vijana wanaotoweka, waende pamoja ofisini kwa mbunge au kwa gavana, kwa barua moja yenye sahihi zao wote, na jibu watakalopewa walisome katika kila kanisa na kila msikiti, liwe zuri au baya. Barua ya namna hiyo haiwezi kuandikwa na watu ambao kila mmoja ana mfadhili wake.

Uchaguzi ni Agosti 2027, na wageni wameanza kupiga simu kuuliza ibada yetu huanza saa ngapi. Nimependekeza kwa baraza letu la wazee tuyaendee yale makanisa matatu tuliyokuwa tukiandamana nayo Ijumaa Kuu, tukubaliane sote kwa maandishi kwamba katika mji wetu mwanasiasa hatapewa maikrofoni wala kiti cha kukodi, na kwamba hakuna kanisa litakalopokea mgeni aliyeyakataa masharti hayo kwa jirani yake. Peke yetu hatuwezi, kwa kuwa mlango mmoja ukifungwa na mwingine ukabaki wazi, tutakuwa tumemwonyesha tu njia ya kupita. Baraza litakutana mwezi ujao. Nimeshadokezwa kwamba wazee wanne watanipinga, kwa sababu jiko bado halijapigwa plasta.

Wako,
Mzee wa kanisa na mwalimu mstaafu,
Nakuru